Ndege Wawili Katika Mkarafuu: Mwenyeji na Mgeni

Katika mavuno ya vuli mwenzetu mmoja alituletea ndege mdogo aliyepigwa manati na watoto chini ya mikarafuu yake. Akauliza: ndiye huyu anayetuharibia karafuu? Tukamjibu kwa haraka kwamba ni kinda la kile kindege cha manjano chenye pete nyeupe jichoni, tunachokiona kila siku. Tulikosea, nasi twasahihisha hapa, kwani jibu letu limekwisha kuenea.

Yule mwenye pete ni mwenyeji hasa. Hapatikani popote duniani ila Pemba, na wataalamu walimpa jina lao mwaka 1924. Chini ni manjano iliyokoza tangu kooni mpaka mkiani, mdomo mweusi, miguu ya kijivu. Huenda kwa makundi, wakiitana. Makinda yake ndiyo yaliyotuponza, maana pete huwa haijatokeza vizuri.

Aliyeuawa alikuwa mgeni, Phylloscopus trochilus, aliyezaliwa kaskazini, huko Ulaya au Siberia. Uzito wake ni gramu 9 hivi. Watatu ndio wakia moja. Wanaotoka Siberia ya mashariki husafiri zaidi ya kilomita 10,000 kuja Afrika. Hata Ulaya amewatatanisha watu: Gilbert White, kasisi wa Uingereza, ndiye aliyebainisha mwaka 1768 kwamba waliodhaniwa ndege mmoja ni watatu, akiwatenga kwa sauti zao.

Basi tumtambue vipi? Tusianze na rangi. Mgeni wa mwaka wa kwanza huwa na manjano kifuani, mwingine ana weupe tu, na wa Siberia karibu ni wa kijivu mtupu. Tena hubadili manyoya yote mara mbili kwa mwaka. Tuanze na jicho. Mgeni hana pete, bali mstari hafifu juu ya jicho mfano wa nyusi, na mwingine mweusi unaopita jichoni. Kisha tutazame miguu, ambayo aghalabu ni ya kahawia hafifu. Halafu bawa: la mgeni ni refu, ncha yake yapita mbele sana, kama impasavyo msafiri. (Jike la chozi pia huwababaisha wengine, lakini mdomo wake umepinda.)

Tulipomtazama tena yule maiti kwa utaratibu huu, nyusi zilikuwapo, na miguu hafifu.

Na karafuu je? Haziguswi. Mgeni hula wadudu, akiwaokota majanini kwa mdomo wake mwembamba. Tumekwisha kumwambia mwenzetu, naye amewanyang'anya watoto manati.

Mgeni hufika siku za vuli, wachumaji wakiwa bado mitini, na masika inapoingia hurejea kwao. Mkimwona ndege wa namna hii mwezi wa Juni, mtazameni vizuri: yaelekea ni kinda la mwenyeji.