Biashara ya nguo Mbumbuni: Piga hesabu ya rinda moja kabla ya kukodi duka

Mtu anayetaka kuanzisha biashara ya nguo katika soko kama la Mbumbuni, Mbooni Mashariki, mara nyingi huanza kwa kutafuta chumba. Hulipa kodi ya miezi miwili au mitatu, hutengeneza rafu, kisha huenda Nairobi na pesa zilizobaki kununua bidhaa. Duka hufunguliwa mapema Desemba. Krismasi huleta wateja na mambo huonekana kunyooka. Ikifika Machi, pesa zote zimo ndani ya nguo ambazo hakuna anayeziulizia: saizi zisizo na mwenyewe, rangi ambazo hazikupendeza, masweta yaliyonunuliwa kwa sababu tu bei ilikuwa nzuri. Mwenye chumba anadai kodi, na mtaji uko kwenye rafu.

Iko njia nyingine inayomfaa zaidi mkazi asiye na akiba kubwa. Ni kuanza na kazi ya kuagizwa, hasa sare za shule. Katika kazi hiyo mvaaji anajulikana kabla ya kitambaa kukatwa. Rangi imeshaamuliwa na shule, vipimo viko kwenye daftari, na siku ya kuhitajika inajulikana na kila mzazi.

Majirani zetu wa Kitui walipoanzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC huko Syongila mwaka wa 2018, hawakuanza na mitindo ya kisasa. Walianza na sare, kwa sababu sare ina mnunuzi. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, mashine hizo hizo ziligeuzwa kushona barakoa. Fundi mwenye cherehani moja ya mguu hawezi kujilinganisha na kiwanda, lakini kanuni ya kushona kile ambacho tayari kina mwenyewe inamfaa hata zaidi, kwa sababu yeye hana wa kumfidia hasara.

Pesa za Ukambani zina msimu wake

Ugumu wa sare katika eneo hili ni kalenda. Shule hufunguliwa mapema Januari. Ndengu zilizopandwa kwa mvua za Oktoba huvunwa na kuuzwa kuanzia Januari na kuendelea hadi Februari. Maembe huanza kuleta pesa Novemba, lakini si kila boma lina miembe, na bei hushuka maembe yanapojaa sokoni. Kwa hivyo mzazi huhitaji rinda au kaptura wiki mbili tatu kabla ya kuwa na pesa za kulilipia. Matokeo yake yanajulikana: fundi hushona kwa deni, na deni hilo hulipwa polepole hadi Aprili, au halilipwi.

Dawa ya tatizo hilo ni kuanza Novemba, mara tu shule zinapofungwa. Fundi huandikisha wazazi, huchukua vipimo, na huanza kupokea malipo kidogo kidogo. Mzazi anayetoa KSh 80 kila wiki kwa wiki 5 atakuwa amelipa KSh 400 kufikia katikati ya Desemba. Kina mama walio katika chama wanaweza kukubaliana kukatwa pesa hizo pamoja siku ya mkutano, ili fundi asizunguke nyumba kwa nyumba. Mtoto aliyepimwa Novemba atakuwa ameongezeka kidogo Januari, kwa hivyo fundi mzoefu huacha pindo la sentimita 6 au 7 chini, na nafasi ya kutosha kwenye mishono ya pembeni. Wazazi hupenda fundi wa namna hiyo, kwa kuwa rinda hufunguliwa pindo na kuvaliwa mwaka wa pili.

Wanafunzi wanaoingia Gredi ya 10 wasishonewe mapema. Shule wanayopangiwa huenda ikabadilika, na sare ya shule moja haiuziki kwa nyingine.

Rinda moja lina gharama gani?

Bei zinazofuata ni za mfano, na kila fundi aweke zake mahali pake. Chukua fundi aliyeagizwa marinda 10 ya shule ya msingi. Kila rinda linatumia mita 2 za kitambaa kwa KSh 200 kila mita, yaani KSh 400. Uzi, zipu na vifungo ni KSh 40. Anauza kwa KSh 700 na anaamini amepata faida ya KSh 260 kwa kila moja.

Hajamaliza hesabu. Hana mashine ya ovaloki, kwa hivyo humlipa fundi jirani KSh 30 kushika kingo za kila rinda. Nauli ya Nairobi kwenda na kurudi ilimgharimu KSh 1,000, ambayo ni KSh 100 kwa kila rinda. Kodi na stima kwa mwezi ni KSh 2,800, na kwa mwezi hushona nguo 40, kwa hivyo kila nguo inabeba KSh 70. Jumla sasa ni KSh 640. Kilichobaki ni KSh 60, na rinda hilo lilimchukua saa 3. Amefanya kazi kwa KSh 20 kwa saa, chini ya kile ambacho angelipwa kwa kupalilia shamba la mtu.

Mafundi wengi husahau kujilipa. Husema "mimi ni mwenye biashara, sijilipi," kisha huchukua pesa kutoka kwenye mauzo kila nyumbani panapokosekana unga. Ni afadhali mshahara uandikwe. Fundi anayetaka KSh 600 kwa siku ya saa 8 ajiwekee KSh 75 kwa saa. Rinda la saa 3 basi linabeba KSh 225 za kazi, na gharama yake kamili ni KSh 865. Kuliuza kwa KSh 700 ni kumlipia mteja sehemu ya sare ya mtoto wake.

Kupandisha bei hadi KSh 900 kunaweza kumfukuza mteja. Kinachosaidia ni wingi. Fundi huyo akikusanya oda ya marinda 30 ya shule moja, nauli ile ile inagawanywa kwa 30, na kila rinda linabeba KSh 33 tu. Akinunua kitambaa kwa jora badala ya mita, bei inaweza kushuka, tuseme hadi KSh 175 kwa mita. Akitandika kitambaa tabaka kadhaa na kukata kwa pamoja, kisha akashona kola zote, halafu mikono yote, halafu mapindo yote, saa 3 zinakuwa 2. Waliowahi kufanya kazi katika viwanda vya EPZ kule Athi River wanaujua mtindo huu. Tatizo lao huwa kinyume chake, kwamba wengine walishona mfuko au kola peke yake kwa miaka na hawajawahi kukata rinda zima. Wawili wa aina hizi mbili wakiungana, wanatosha kuanzisha karakana.

Hesabu mpya ni hii: kitambaa KSh 350, uzi na zipu 40, ovaloki 30, nauli 33, kodi na stima 70, kazi 150. Jumla ni KSh 673. Akiuza kwa KSh 800 anabaki na KSh 127 kwa kila rinda. Marinda 30 yanampa faida ya KSh 3,810, na hiyo ni baada ya kujilipa mshahara wa KSh 4,500.

Mtaji nao umetoka wapi? Wazazi 30 waliolipa KSh 400 kila mmoja wameleta KSh 12,000. Kitambaa cha mita 60 ni KSh 10,500 na nauli ni KSh 1,000. Fundi amebakiwa na KSh 500 za kuanzia uzi na zipu, na atahitaji kuongeza kidogo tu kutoka mfukoni. Hakukopa.

Malipo ya kwanza bado si pesa za fundi

Mpango huu wote unaweza kuvunjika hapa. KSh 12,000 mkononi mwezi wa Desemba ni kishawishi kikubwa. Mtoto anaugua, ndugu anafiwa, ng'ombe anauzwa kwa bei ya kutupa, na pesa za kitambaa zinatumika kwa nia njema kabisa. Januari wazazi 30 wanafika na hakuna sare. Katika soko ambamo watu wote wanajuana kwa ukoo na kanisa, jina likishaharibika kwa wateja 30 halirudi kwa urahisi.

Njia ya kawaida ya kujikinga ni kutenga pesa hizo tangu siku ya kwanza. Laini ya Pochi la Biashara au till ya M-Pesa huziweka kando na pesa za nyumbani. Kila malipo yaandikwe katika daftari lenye nakala, na mzazi abaki na karatasi yake. Safari ya kununua kitambaa ifanywe mara tu pesa za kukitosha zinapopatikana, bila kungoja wiki ya mwisho. Kitambaa kilichoko ndani ya nyumba hakiwezi kulipia dharura, na Desemba ikielekea mwisho nauli hupanda.

Kabla ya safari, fundi aombe shule kipande cha kitambaa cha sare yenyewe. "Kijani" haitoshi. Kuna kijani kumi katika maduka ya Biashara Street na Eastleigh, na hata jora mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana kidogo kwa rangi. Rinda lote likatwe katika jora moja. Kitambaa chenye pamba nyingi kilowekwe na kuanikwa kabla ya kukatwa, la sivyo kitarudi nyuma mtoto akishalivaa rinda mara mbili.

Mitumba je?

Mitumba ni biashara halali na imelisha familia nyingi, ila ina hatari ya aina yake. Belo, ambalo mara nyingi huwa na kilo 45, hulipiwa kabla ya kufunguliwa. Anayeanza na belo moja ameweka mtaji wote katika kitu asichokiona. Afadhali anayeanza anunue vipande alivyochagua mwenyewe Gikomba, hata kama bei ya kipande iko juu, mpaka ajue wateja wake wananunua nini. Machi 2020 serikali ilipopiga marufuku uagizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, marufuku iliyoondolewa Agosti mwaka huo, waliotegemea belo peke yake walipata funzo gumu. Cherehani pembeni, ya kurekebisha na kupunguza nguo, humsaidia muuzaji wa mitumba pia.

Mkopo, mafunzo na karatasi

Kwa anayelazimika kukopa, jambo la kuangalia zaidi ya riba ni muda. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, hutoza mkopo wa mtu binafsi riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni ndogo, lakini ililenga kulipwa ndani ya siku 14, na asilimia 5 huwekwa kama akiba. Mkopo wa namna hiyo unafaa kununua uzi na zipu za oda ambayo iko karibu kumalizika. Haufai kujaza duka la nguo zitakazouzwa kwa miezi mitatu. Uwezo Fund hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi cha mafundi wanne au watano wanaotaka ovaloki ya pamoja kina sababu nzuri ya kuuliza.

Asiye na ujuzi anaweza kujifunza ushonaji katika vyuo vya ufundi vya kaunti, CTTI. Aliyejifunzia kwa fundi mwingine bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia daraja la 3 na kupanda hadi la 1. Cheti hicho huulizwa pale shule inapotaka kutoa oda kubwa.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na asiyekuwa na simu ya intaneti atasaidiwa katika Huduma Centre ya Wote. Kibali cha biashara cha kaunti hulipiwa kila mwaka, na kiasi hutegemea ukubwa wa biashara na mahali ilipo. Fundi aulize kiwango chake katika ofisi ya mapato kabla ya kukodi chumba, kisha akiweke katika hesabu ya kila nguo pamoja na kodi. Kwa upande wa KRA, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 3 ya mauzo kwa biashara zinazouza kati ya KSh milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, unaolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Biashara nyingi zinazoanza haziufikii. Hata hivyo, mwenye PIN anapaswa kuwasilisha ripoti ya mwaka kufikia Juni 30 hata kama hakupata chochote, na anayekosa huweza kutozwa faini ya KSh 2,000, ambayo inakaribia faida ya marinda 16 katika mfano wetu.

Biashara iliyosajiliwa ya mwanamke, kijana au mtu anayeishi na ulemavu inaweza pia kuomba cheti cha AGPO. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imewatengea makundi hayo asilimia 30 ya zabuni za serikali, zikiwemo za sare na mashuka ya hospitali. Malipo ya taasisi za umma huweza kuchukua miezi. Fundi anayechukua zabuni ya aina hiyo asiguse malipo ya kwanza ya wazazi kununulia kitambaa chake.