Siku 35: Kufundisha Ufugaji wa Bata katika Shule ya Msingi

Miongoni mwa mada za ufugaji zinazomkabili mwalimu wa shule ya msingi, mada ya bata hupewa nafasi ndogo kupita zote. Hufuata baada ya kuku, na mara nyingi huishia katika sentensi moja ubaoni: "Bata hutunzwa kama kuku, ila hupenda maji." Sentensi hiyo, au nyingine inayofanana nayo, tumeikuta katika madaftari mengi tulipokuwa tukizungukia walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha. Ni fupi, hunakiliwa upesi, tena ina makosa mawili. Kosa la kwanza huharibu mayai, na la pili huua vifaranga.

Katika makala haya twataka kuonyesha namna mada hii inavyoweza kufundishwa kwa kumtazama bata mwenyewe, kwa muda wa siku 35, badala ya kunakiliwa katika kipindi kimoja. Hatusemi kwamba kila kipindi katika wiki hizo tano kiwe cha bata. Dakika tano za kutazama na kuandika kila asubuhi, pamoja na vipindi vitatu au vinne vilivyotayarishwa vema, zatosha.

Bata yupi?

Yafaa kwanza mwalimu ajue anamzungumzia bata yupi. Bata anayeonekana katika nyua nyingi za vijijini kwetu, mwenye vinundu vyekundu usoni, ambaye dume lake halipigi kelele bali hutoa sauti ya pumzi kama anayefoka kwa chini, ni yule ambaye vitabu vya mifugo humwita bata wa Muscovy. Jina hilo lisimpoteze mtu: asili yake si Urusi bali ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji walikwisha kumfuga kabla Wazungu hawajafika. Porini ni ndege wa misituni. Hulala juu ya miti na kutaga katika mapango ya miti, na ndiyo sababu ana kucha kali, na ndiyo sababu pia bata wa nyumbani hutafuta pembe yenye giza, nyuma ya pipa au chini ya ghala, anapotaka kutaga.

Bata wa aina nyingine, kama wale weupe wa Peking, ni wa ukoo tofauti. Mayai yao huanguliwa kwa siku 28. Mayai ya bata wetu huchukua siku 33 hadi 35, na pengine huzidi kidogo. Ya kuku ni siku 21. Tarakimu hizi tatu ndizo kiini cha somo zima.

Kuanza kwa fumbo

Mwalimu asianze kwa kuzitaja tarakimu hizo. Na aanze kwa fumbo kama hili: "Mama mmoja alikuwa na kuku mwenye kuatamia. Alimwekea mayai 6 ya kuku na mayai 5 ya bata, yote siku moja. Vifaranga wa kuku walitoka wote. Mayai ya bata hayakutoa hata kifaranga mmoja. Kwa nini?"

Watoto hawatakosa majibu. Mmoja atasema mayai ya bata ni makubwa, kuku hakuweza kuyafunika. Mwingine atasema bata hakuwa na dume. Wa tatu pengine atasimama na kusema, "Mwalimu, bibi yangu husema mayai ya bata hayana bahati." Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata hili la mwisho, maana bibi huyo ameona jambo la kweli ingawa hajalipa sababu yake. Mwalimu anayemcheka mtoto kwa maneno ya bibi yake hataletewa tena habari yoyote kutoka nyumbani, na katika mada hii habari za nyumbani ndizo zana bora aliyo nayo.

Baada ya hapo ndipo ziletwe zile tarakimu. Kuku akiisha kuangua siku ya 21 huinuka na vifaranga wake kwenda kutafuta chakula. Mayai ya bata yamebakiwa na siku 14, nayo hupoa na kufa yakiwa na vifaranga ndani waliokwisha kuota vidole. Watoto wayavunje mayai hayo kwa mawazo yao: huyo mama angelisubiri, angeliyakuta ni viza, naye angelisema bata hana faida.

Swali la hesabu hujitokeza lenyewe: mayai ya kuku yangewekwa lini ili vifaranga wote watoke pamoja? 35 kutoa 21 ni 14. Mayai ya bata yatangulia, ya kuku yafuate baada ya wiki mbili. Darasa la tatu waliweza hesabu hii bila shida katika shule moja tuliyoitembelea. Hata hivyo hatushauri kuchanganya mayai. Bata wachanga humwaga maji kila mahali, na vifaranga wa kuku hulowa na kuugua. Ni heri bata alalie mayai yake mwenyewe. Na kama hapana budi kumtumia kuku, apewe ya bata peke yake, sita au saba, na awekewe chakula na maji karibu, kwa kuwa siku 35 ni nyingi kwa mwili wake.

Kalenda ya ukutani

Zana kuu ya somo hili ni kalenda iliyochorwa na wanafunzi wenyewe juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, yenye safu tano za siku saba. Mtoto mwepesi atagundua kwamba yakiwekwa Jumatatu, vifaranga watazamiwe Jumatatu, kwa kuwa 35 ni saba mara tano. Mwalimu naye aitazame kalenda yake ya muhula kabla ya bata kulala. Jike akianza kuatamia katika wiki ya pili ya muhula, vifaranga hutoka katika wiki ya saba, nao hupata wiki kadhaa za malezi kabla ya likizo. Akianza wiki ya nane, shule itafungwa mayai yakiwa bado, na somo litakuwa limekatika mahali penye utamu.

Kila siku zamu ya wanafunzi wawili iandike mambo machache: bata alitoka kwenye kiota saa ngapi, alikaa nje kwa muda gani, alirudi akiwa mkavu au amelowa. Wataona kwamba hutoka kwa kawaida mara moja kwa siku, hula, hunywa, huoga, kisha hurudi upesi na manyoya yenye unyevu. Unyevu huo husaidia mayai yasikauke kupita kiasi. Wasimguse wala wasimzunguke kwa wingi, maana dume na jike wote wana kucha.

Siku ya kumi hivi mayai yapimwe kwa mwanga. Chukua boksi, litoboe tundu dogo kuliko yai, weka kurunzi ndani, na ufanye kazi hiyo katika chumba chenye giza wakati bata ametoka kula. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba iliyotawanyika kama mizizi kutoka katika doa jeusi. Yai lisilorutubishwa huwa angavu tupu. Lililokufa mapema huonyesha duara la damu bila mizizi. Tumeona darasa lenye kelele likinyamaza kabisa kwa ajili ya yai moja. Mayai yasiyo na uhai yaondolewe, na hesabu iandikwe: yaliyowekwa 12, yaliyo hai 10. Mwishoni wakitoka vifaranga 9, darasa la tano watatafuta asilimia wenyewe, yaani 75.

Ikiwa baadhi ya mayai hayakuanguliwa kabisa, yasitupwe kwa siri. Mwalimu ayavunje nje, mbali na pua za watoto, aone kifaranga alifia umri gani, na awaulize watoto wasome madaftari yao: Je, kuna siku bata alikaa nje muda mrefu? Je, mvua iliingia kiotani? Hapo ndipo kumbukumbu zao za kila siku zinapopata maana.

Siku ya kuangua, mkono wa mwalimu ukae mbali. Kutoka kifaranga alipotoboa ganda hadi atoke, huweza kupita siku nzima au zaidi. Anayemenya ganda kwa huruma hukata mishipa ambayo bado ina damu.

"Ila hupenda maji"

Twaja sasa kwenye kosa la pili. Bata mkubwa hupenda maji, lakini bata wetu huweza kuishi, kupandana na kutaga bila bwawa. Asichoweza kukosa ni chombo cha kunywea chenye kina cha kutosha kuzamisha mdomo wote na matundu ya pua, kwa kuwa ndivyo anavyoyasafisha. Sahani ya kuku haimfai. Karai au sufuria kuukuu yafaa.

Kifaranga ni jambo jingine. Aliyeanguliwa na mama yake hupakwa mafuta ya manyoya ya mama, naye huweza kuelea mapema na kurudi kujificha chini ya mbawa. Aliyeanguliwa na kuku, au aliyelelewa kwenye boksi, hana kinga hiyo. Akitiwa ndani ya beseni ili watoto wafurahi, hulowa hadi ngozini, hutetemeka, na hufa kwa baridi usiku ule ule. Maji yake yawekwe katika chombo kifupi, na mawe machache yatiwe ndani ili anywe bila kuingia.

Chakula na kuvu

Siku ya kwanza kifaranga hana haja kubwa ya chakula, kwa kuwa kiini cha yai kimeingia tumboni mwake. Baadaye apewe chakula laini kilichochanganywa na maji kidogo, chenye dagaa waliosagwa, mchwa, na mchicha uliokatwakatwa. Pumba za mahindi peke yake hazimtoshi. Bata mchanga huhitaji vitamini iitwayo niasini kuliko kifaranga wa kuku, na niasini iliyo katika mahindi imefungwa kwa namna ambayo mwili hauipati kwa urahisi. Anayekosa huvimba viungo na miguu hupinda, akashindwa kusimama. Dagaa, mashudu ya karanga na pumba za ngano husaidia.

Lakini juu ya karanga na mahindi liko jambo ambalo twaomba kila mwalimu mwanafunzi alipe kipindi kizima. Nyumbani nafaka iliyoota kuvu hupelekwa wapi? Watoto watajibu kwa sauti moja: "Kwa kuku na bata!" Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na baadaye ikagundulika kwamba mashudu ya karanga waliyolishwa yalikuwa na sumu ya kuvu, ambayo leo twaiita sumukuvu. Bata wachanga walikufa vilevile. Na kwa kuwa ni wepesi mno wa kudhurika, wanasayansi waliwatumia kuipima sumu hiyo. Kifaranga wa bata, basi, ni kama kipimo kilicho uani.

Na sumu hiyo haiwachagui ndege. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Mtoto ajifunze kukausha mahindi juu ya turubai badala ya udongoni, na kuyatenga yenye kuvu yasiliwe na mtu wala ndege. Kwa maoni yetu, hata kama darasa lingesahau kila kitu kingine juu ya bata, kipindi hiki kimoja kingelipa gharama ya banda.

Madume, magonjwa na kazi

Kwa majike manne au matano dume mmoja atosha. Asiachwe kupanda binti zake mwaka baada ya mwaka. Shule mbili jirani zaweza kubadilishana madume. Bata wetu akipandana na bata wa ukoo wa Peking, chotara huota mwili mzuri lakini hazai, kama nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi.

Bata haugui kideri kwa urahisi kama kuku, lakini huweza kubeba virusi vyake, kwa hiyo kuku wanaoishi naye wapate chanjo. Mafua ya ndege nayo huweza kubebwa na bata anayeonekana mzima. Uganda ilitangaza ugonjwa huo Januari 2017, kandokando ya Ziwa Victoria, katika ndege wa porini na wa kufugwa. Ndege wengi wakifa ghafla, watoto wasiwaguse, na afisa mifugo aitwe. Kila mara mikono ioshwe kwa sabuni.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu zimekuwa na mashamba na mabanda, na si yote yaliyokuwa madarasa. Kuna shule ambako kufagia banda ni adhabu ya mchelewaji. Mtoto aliyeadhibiwa kwa mavi ya bata hatapenda kumfuga bata. Kufagia kuwe zamu ya wote, wasichana kwa wavulana, na mwalimu naye awe na siku yake. Kabla ya jike kuwekwa, darasa na kamati ya shule wakubaliane kwa maandishi nani atawalisha wakati wa likizo, na vifaranga wakikua ni wangapi watauzwa, fedha itanunua nini, na ni wangapi watakwenda nyumbani kwa watoto wenye nafasi ya kuwatunza. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, karibu na kalenda.