Miwani ikishika ukungu, chunguza barakoa kwanza

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi katika kliniki ya kifua kikuu wilayani Makete. Nimevaa miwani tangu nikiwa sekondari, na kazini navaa barakoa kutwa nzima. Msimu huu wa baridi kila nikipumua vioo vinajaa ukungu, hata nashindwa kusoma jina la mgonjwa kwenye kadi. Nimejikuta naishusha barakoa chini ya pua ili nione, ingawa najua si sahihi. Wenzangu wananishauri nipake dawa ya meno kwenye vioo. Nifanyeje?
Dada yako muuguzi, Makete

JIBU: Dada, nitafika kwenye miwani, lakini nianze na hiyo barakoa unayoishusha, maana hapo ndipo penye hatari. Vimelea vya kifua kikuu hutoka pamoja na chembe ndogo sana mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au hata anapozungumza. Katika chumba kisichopitisha hewa, chembe hizo huweza kuelea kwa saa kadhaa. Mgonjwa aliyehudumiwa asubuhi anaweza kuwa ameshafika nyumbani kwake, huku vimelea alivyoviacha bado vinazunguka chumbani.

Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Wahudumu wa afya wamo miongoni mwa walio hatarini zaidi. Kwa hiyo nakusihi, usiishushe tena barakoa ukiwa chumbani, hata kwa muda wa kusoma kadi moja. Ikiwa huoni, toka nje penye hewa ya wazi, rekebisha barakoa na miwani, kisha urudi kazini.

Ukungu unatoka wapi?

Pumzi tunayoitoa ina joto la karibu nyuzi 34 za Selsiasi na imejaa mvuke. Katika baridi ya Makete ya Juni na Julai, vioo vya miwani yako ni baridi kuliko pumzi hiyo kwa tofauti kubwa. Mvuke ukigusa kioo baridi hupoa na kugeuka matone madogo mno, kama yale yanayojikusanya chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Kila tone huutawanya mwanga upande wake, nawe unabaki kuona weupe mahali pa maandishi.

Mwenzako wa Dar es Salaam au Mombasa hasumbuki kiasi hicho, kwa sababu joto la vioo vyake halipishani sana na la pumzi. Yeye shida humpata anapotoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kukutana na joto la nje lenye unyevu. Hapo miwani hushika ukungu hata kama hana barakoa, na ukungu huo huondoka wenyewe vioo vikishapata joto.

Ukungu wako ni wa aina nyingine. Huo hutokana na pumzi inayopanda juu, na njia yake kuu ni mwanya ulio kati ya barakoa na pua. Hili naomba ulishike vizuri, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote nitakayokueleza: pale pumzi yako inapotokea bila kuchujwa, ndipo hewa ya chumba inapoweza kuingilia bila kuchujwa. Ukungu kwenye miwani ni dalili kwamba barakoa haijakukaa sawasawa. Ukihangaika na kioo peke yake, utakuwa umeifuta dalili na kuacha mwanya wazi. Ndiyo maana tunatengeneza barakoa kwanza, miwani baadaye.

Ikalishe barakoa ipasavyo

Barakoa ya upasuaji, ile ya bluu yenye tabaka tatu, hufaa kuvaliwa na mgonjwa ili chembe anazotoa zisisambae. Wewe unayemhudumia unahitaji N95, ambayo huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo zilizo hewani, au FFP2, ambayo huchuja angalau asilimia 94. Kama kituo chako hakikupi aina hizo, lifikishe suala hilo kwa mganga mfawidhi na kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Kuomba kinga hiyo ni haki yako na ni sehemu ya kazi yako.

Unapovaa N95, mkanda wa juu ukae juu ya kisogo na wa chini ukae shingoni, chini ya masikio. Kisha ukunje waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili, ukianza katikati ya pua na kushuka taratibu kuelekea mashavuni. Wengi huubana kwa vidole vya mkono mmoja. Hapo waya hutengeneza ncha juu ya pua na kuacha mianya pande zote mbili, na mianya hiyo inaelekea moja kwa moja kwenye vioo.

Baada ya hapo ijaribu, tena kila unapoivaa. Ifunike kwa viganja bila kuikandamiza, kisha toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo karibu na macho au mashavu, kunja waya upya na ukaze mikanda. Halafu vuta pumzi: barakoa inapaswa kunywea kidogo kuelekea usoni. Ikiwa inavuja hata baada ya kuirekebisha, umbo au saizi yake haiendani na uso wako, na inabidi upewe nyingine. Wenzako wa kiume wakumbuke kwamba ndevu zinazopita chini ya ukingo wa N95 huizuia kushika ngozi.

Miwani ivaliwe baada ya barakoa kukaa sawa, isiusukume ukingo wake. Usiweke karatasi laini ndani ya N95, wala usitegemee plasta kuziba uvujaji wake. N95 inayohitaji kuzibwa haikufai. Na ile yenye kidude cha kutolea pumzi kwa mbele hupunguza ukungu kweli, lakini pumzi yako hutoka bila kuchujwa, kwa hiyo haimkingi aliye karibu nawe.

Kwa wasomaji wanaovaa barakoa ya bluu hospitalini, kwenye daladala au wanapouguza mafua, kosa la kawaida ni kuigeuza juu chini. Upande wenye waya ndio wa puani, na upande wenye rangi ndio wa nje. Kama bado inavuja juu, piga fundo dogo kwenye kamba za masikioni karibu na barakoa, kisha ingiza ndani kitambaa kilichobaki pembeni. Itakushika vizuri zaidi. Unaweza pia kukunja karatasi laini na kuiweka ndani, chini ya waya, inywe unyevu, ukiibadilisha kila ikilowa. Wahudumu wa chumba cha upasuaji hubandika plasta laini ya karatasi kwenye ukingo wa juu, nusu kwenye barakoa na nusu kwenye ngozi. Ni njia nzuri kwa barakoa ya namna hii, mradi ngozi yako haiwashwi na gundi.

Barakoa za kitenge zilizoshonwa kwa wingi mwaka 2020 nyingi hazikuwa na waya. Anayependa kuendelea kuivaa ya kwake ampelekee fundi cherehani amtilie waya mwembamba kwenye pindo la juu. Ndani ya kliniki ya kifua kikuu, hata hivyo, barakoa ya kitambaa si kinga.

Kisha osha miwani

Hata barakoa iliyokaa vizuri inaweza kuacha ukungu kidogo, hasa mahali penye baridi kama kwenu. Hapo ndipo sabuni inapofaa. Mwaka 2011 jarida la madaktari wa upasuaji la Annals of the Royal College of Surgeons of England lilichapisha njia rahisi: kuosha vioo kwa maji ya sabuni muda mfupi kabla ya kuvaa barakoa, kukung'uta maji na kuviacha vikauke. Sabuni huacha utando mwembamba usioonekana. Mvuke ukitua juu yake haujikusanyi kuwa matone, bali hutandaa kama tabaka moja jembamba ambalo mwanga hupita bila kutawanyika. Wapiga mbizi hupata matokeo kama hayo wanapotemea mate kwenye kioo cha barakoa ya kuzamia na kuyasugua, lakini wewe uliye kliniki usitumie mate.

Fanya hivi kila asubuhi. Nawa mikono. Suuza miwani kwa maji safi yasiyo ya moto ili vumbi litoke, maana vumbi likisuguliwa hukwaruza vioo. Weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na losheni, upake pande zote mbili kwa ncha za vidole. Kung'uta maji, kisha acha vioo vikauke, au gusisha kitambaa laini bila kusugua. Sabuni ya mche haifai sana pale maji yanapokuwa na chumvichumvi, kwa sababu hubakiza utando mweupe. Kazi ya sabuni hupungua kadiri saa zinavyokwenda, kwa hiyo osha tena ukungu ukirudi.

Usitumie vitu hivi

Dawa ya meno wanayokushauri wenzako iache kabisa. Ina chembe za kukwangua uchafu wa meno, na chembe hizo hukwangua pia tabaka la kinga lililopakwa juu ya vioo. Majivu na magadi huleta madhara hayohayo. Siki na dawa za kusafishia madirisha zinaweza kubambua tabaka hilo, na pindo la shati au khanga lenye vumbi hukwaruza. Miwani mipya ni gharama kubwa kwa familia nyingi.

Dawa maalumu za kuzuia ukungu zinapatikana kwenye maduka ya miwani, ila sabuni inakutosha. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipima dawa 4 za kupulizia na vitambaa 5 vya aina hiyo, na vyote 9 vilikuwa na kemikali za jamii ya PFAS, ambazo baadhi yake hukaa mwilini na katika mazingira kwa miaka mingi. Sioni sababu ya kununua bidhaa yenye shaka hiyo wakati sabuni ya vyombo ipo jikoni.

Ukungu usiofutika

Neno moja kwa wasomaji wote. Ukivua barakoa, ukafuta miwani, na bado unaona ukungu, tatizo halipo kwenye vioo. Inaweza kuwa miwani imepitwa na mahitaji ya macho yako, au ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao hufanya uone kama kupitia kioo kichafu na ambao hutibika kwa upasuaji. Nenda kliniki ya macho upimwe. Jicho likiuma, likiwa jekundu au uoni ukififia ghafla, nenda siku hiyohiyo.

Nawe dada, kuna jambo la mwisho. Baridi ya Makete hushawishi watu kufunga madirisha, lakini kliniki ya kifua kikuu inahitaji hewa ipite. Vaa sweta chini ya sare, fungua madirisha, na utunze N95 yako kwenye mfuko wa karatasi, kamwe si wa plastiki. Ikilowa, ikichanika au mikanda ikilegea, itupe uchukue nyingine. Wagonjwa wako wanahitaji muuguzi anayeona vizuri na aliye mzima, na barakoa iliyokukaa sawa itakulinda huku ikikuachia vioo safi.