Mgonjwa wa figo anapokonda, mizani haisemi yote

Kama nyumbani mna mtu anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, mmeshazoea mizani. Anapimwa akifika, anapimwa akitoka, na tofauti hiyo ni maji tu. Uzito anaopaswa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa huitwa uzito mkavu. Hapo ndipo familia nyingi hudanganyika: mwili unaweza kupungua nyama kidogo kidogo, maji yakashika nafasi yake, na mizani ikasoma kilo zilezile.

Basi mtazameni mwenyewe. Mifupa ya mabega imetokeza? Suruali inamlegea? Anashika meza ili ainuke? Mwambieni muuguzi siku hiyohiyo, maana huenda uzito mkavu ukahitaji kupangwa upya. Wala msimsifu kwa kukonda. Kwa wanaosafishwa damu, wembamba huenda pamoja na hatari kubwa zaidi ya kufa.

Kila mwezi damu yake hupimwa. Ulizeni namba ya albumini. Vituo vingi hapa Marekani hutaka ifike gramu 4 kwa desilita. Ikiendelea kushuka ni onyo kubwa, lakini msikimbilie kumgombeza kwamba hali. Albumini hushushwa pia na maambukizi: jino bovu, kidonda cha mguu, mrija ulioingia vijidudu. Daktari lazima atafute chanzo.

Chakula nacho kina mkanganyiko wake. Kabla ya mashine aliambiwa apunguze nyama. Sasa ushauri umegeuka, kwa sababu kusafishwa damu huondoa na sehemu ya protini. Kwa kawaida anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60. Yai moja lina kama 6. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, kama 20. Ugali na sombe havitafika huko, na sombe ina potasiamu nyingi. Dagaa wa chumvi humwongezea kiu.

Kituo kinacholipwa na Medicare kinatakiwa kuwa na mtaalamu wa lishe. Ombeni mkalimani, ni bure. Kabla ya kumwona, andikeni kwa Kiswahili kila alichokula kwa siku tatu, mojawapo iwe siku ya mashine, pamoja na alichobakiza kwenye sahani.