Vituo Kumi kwa Likizo Moja

Barua ya wiki hii imetoka Dodoma, kwa muuguzi aliyejisaini "Begi Halijafunguliwa":

"Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tumepata likizo pamoja kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Watoto tumewapeleka kwa bibi yao Kondoa. Mwenzangu ni mwalimu wa jiografia, na safari ameichora kwenye daftari kwa rula: tunalala mara kumi na moja, vituo kumi. Dar, Bagamoyo, Mji Mkongwe, Nungwi, Paje, Dar tena, Tanga, Lushoto, Moshi, Karatu, Babati, nyumbani. Kila mahali usiku mmoja. Mimi nimetoka zamu za usiku, nataka nilale pwani mpaka niamke mwenyewe. Nikisema hivyo ananiuliza kama nauli ni ya kwenda kulala. Anasema hatujui kama tutapata nafasi nyingine. Halafu kuna baba yake mdogo huko Tanga, ameshasema tukipita kwake mbio mbio atajua tumemdharau. Tukae siku ngapi, wapi?"

Shangazi wa safu hii ameisoma barua mara mbili, na anaanza na Mwalimu, ambaye kosa lake ni dogo kuliko mkewe anavyodhani. Kupita mahali kwa usiku mmoja si dhambi. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier aliyetembea dunia kwa karibu miaka 30, alifika pwani yetu mwaka 1331, na Mombasa akalala usiku mmoja tu. Hata hivyo aliondoka na habari za ndizi na ndimu za kisiwa kile, misikiti yake ya mbao, na watu walionawa miguu kabla ya kuingia kuswali. Kilwa aliisimulia kwa kirefu zaidi, hasa ukarimu wa Sultani Hasan bin Suleiman. Huko Maldives alikaa miezi mingi, akawa kadhi, akaoa. Mtu ni yule yule, lakini hakuna mahali alipopapa kipimo sawa na pengine. Rula ya Mwalimu ndiyo iliyoharibu mambo.

Tena kuna hesabu ambayo ramani haiioneshi. Gesti nyingi hutaka chumba kiachwe saa nne asubuhi, na mgeni mpya hupewa ufunguo mchana, saa nane au hata baadaye. Anayelala mara moja hana siku nzima hata moja pale. Ana jioni na kipande cha asubuhi, na vyote viwili vinaishia kwenye kutafuta bodaboda, kuoga, na kuulizia basi la kesho linaondokea wapi. Anayelala mara mbili ana siku moja nzima. Mara tatu, siku mbili. Kwa hiyo safari ya Mwalimu, pamoja na kulala mara kumi na moja, ina siku nzima sifuri. Mtu aliyekesha wodini hahitaji kalamu kuliona hilo.

Swali ambalo Shangazi angemuuliza Mwalimu, kwa vile jiografia ndiyo kazi yake, ni hili: je, mahali hapo pana saa yake penyewe?

Paje inayo. Upande huo wa mashariki wa Unguja bahari hupwa mbali sana, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Wala hayaji saa ile ile. Kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Mgeni wa usiku mmoja anaweza kufika maji yamekwenda, akaondoka kesho yake maji yamekwenda, akarudi Dodoma kusimulia mchanga. Anayelala mara tatu ataoga maji yakijaa, na yakipwa atatembea kwa miguu hadi kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza hapo Paje na jirani yake Jambiani mwaka 1989, na ambacho mpaka leo kiko zaidi mikononi mwa wanawake. Watu hao wanajua tarehe za mwezi kuliko kalenda ya ukutani. Kama muuguzi anachotaka ni kuogelea tu, saa yoyote, basi Nungwi itamfaa zaidi, kwa sababu huko kaskazini maji hayakimbii mbali hivyo. Achague moja kati ya hizo mbili. Na achague yeye, maana vituo vingine vyote alivichagua mumewe.

Bagamoyo haina saa ya namna hiyo. Magofu ya Kaole, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na boma la Wajerumani haviko mbali, na havina maji ya kusubiri. Alasiri moja na asubuhi yake vinatosha, na hapo Mwalimu apewe haki yake.

Kaskazini ndiko Shangazi anakokata bila huruma. Kileleni Kilimanjaro ni mita 5,895, na wanaopanda kwa njia ya Marangu hutumia siku tano kwa uchache. Wenye busara huongeza ya sita wakiwa Horombo, mita 3,720, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Sawa, Mwalimu hakusema anapanda. Lakini hata kuutazama tu mlima kuna masharti yake: mara nyingi mchana kutwa kilele chake, Kibo, hujifunika mawingu, hujitokeza alfajiri au jua likizama, na siku nyingine hakijitokezi kabisa. Anayefika Moshi usiku na kuondoka na basi la asubuhi anaweza kuishia kuuona mlima kwenye chupa ya maji. Karatu ni vivyo hivyo. Kreta ya Ngorongoro ina kina cha mita 600 hivi na sakafu ya takriban kilomita za mraba 260. Anayeiheshimu huteremka asubuhi na mapema na kutoka jioni, na siku hiyo nzima haipatikani bila kulala Karatu mara mbili. Kwa ratiba ya daftari, Karatu ni mahali pa kubadilishia soksi.

Habari njema kwa Mwalimu ni kwamba barabara ya huko inaanzia mlangoni kwake. Kutoka Dodoma lami inapita Kondoa, kwa bibi, halafu Kolo, penye michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, kisha Babati na kuendelea. Hiyo ni safari ya kwenda na watoto. Kuhusu hofu kwamba nafasi haitarudi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 katika kila mzunguko wa likizo. Kupanga likizo za wawili zikutane ni kazi, lakini mwaka huu wameweza.

Ratiba anayoipendekeza Shangazi ni hii. Dar wasilale. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya siku nzima imekuwa ya saa chache. Wakishika treni ya asubuhi na tiketi za boti wameshakata, wataiwahi ya alasiri na kula urojo Forodhani jioni hiyo hiyo. Mji Mkongwe walale mara mbili, wasichague siku nzima iwe Ijumaa, kwa kuwa mchana maduka mengi hufungwa kwa swala. Paje au Nungwi, mara tatu. Wavuke kurudi Dar na kwenda moja kwa moja Bagamoyo, mara moja. Kutoka huko barabara ya lami inatokea Msata, kwenye njia kuu ya Tanga, bila kurudi mjini kupigana na foleni. Tanga mara mbili. Lushoto mara mbili, ili ipatikane siku moja nzima ya kutembea hadi Irente na kuitazama nyika kwa chini, na masweta wasiyasahau. Kurudi, wateremke Mombo, wapitie Chalinze hadi Morogoro, wapande treni.

Hiyo ni kulala mara kumi. Ya kumi na moja isiandikwe. Itumike pale ambapo mmoja wao atasema asubuhi kwamba hataki kuondoka, na kwa kuwa Shangazi anawajua wauguzi, anadhani itatumika baharini. Vyumba vya Lushoto visilipiwe kabla ya siku hiyo kujulikana.

Limebaki la baba mdogo. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe, na mzee huyu hadai hata zaidi ya hapo. Kulala kwake usiku mmoja, mizigo ikiwa mlangoni, kungemuumiza kuliko kutokwenda. Mwalimu ampigie simu mwenyewe, asimwachie mkewe, maana ndugu ni wake. Wakishajua kama usiku wa ziada umetumika baharini, amtajie siku ya kufika na siku ya kuondoka, ili mama mdogo ajue anapika mara ngapi na majirani wepi waalikwe. Muuguzi abebe kanga pea moja na asifike mikono mitupu. Daftari libaki ndani ya begi.