MTAJI WA UBIA: JE, WAIFAA BIASHARA YAKO?

Mkulima wa skimu anaujua mkopo. Skimu za Eka Milioni zilipoanza mwaka 1962, wengi walipata shamba kwa mkopo, na hati ya shamba ilingoja mpaka deni liishe. Lakini siku hizi wako watu wanaoleta fedha za namna nyingine kwa akina mama na vijana walioanzisha kampuni za kusindika maziwa au kuuza mazao kwa simu. Husema, "Huu si mkopo, hutalipa riba." Ni kweli, lakini si kweli yote. Soma somo hili kabla hujatia sahihi.

MAANA YAKE

Mwenye mtaji wa ubia hakukopeshi. Ananunua hisa, yaani sehemu ya kampuni yako. Kampuni ikifa, hakudai. Ikistawi, sehemu yake ni yake. Hutia fedha katika kampuni nyingi, akijua kwamba nyingi hazitafika mbali. Kwa hivyo ile itakayofaulu sharti ifidie hasara za nyingine. Tena mfuko wake kwa kawaida ni wa miaka 10 hivi. Muda ukikaribia kwisha itambidi auze hisa zake, awarudishie wenye fedha haki yao.

Huko Marekani mwaka 1957, shirika la American Research and Development lilitia dola 70,000 katika kampuni changa ya kompyuta, Digital Equipment Corporation, likachukua asilimia 70 hivi ya hisa. Kampuni ilistawi sana, na hisa hizo zikawa za mamilioni ya dola. Walioanzisha kampuni walifaidika pia, lakini sehemu kubwa haikuwa yao tena.

FANYA HESABU KWANZA

Tuseme wewe na wenzako mnatengeneza mtindi, na mtu anataka kutia shilingi milioni 6 apate asilimia 30. Maana yake kampuni yenu yote sasa ni ya shilingi milioni 20. Akitaka fedha zake zizae mara 10, sharti kampuni ifike shilingi milioni 200. Je, maziwa ya eneo lenu yatatosha? Soko liko? Kama biashara ni nzuri lakini itakua polepole, fedha hizi haziifai. Huifaa ile iwezayo kuenea upesi mpaka nchi nyingine, nayo yahitaji fedha nyingi kabla ya faida kuonekana.

JIULIZE MAMBO HAYA

1. Nani ataamua? Kwa Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, azimio maalum, kama la kubadili katiba ya kampuni, hutaka asilimia 75 ya kura. Mwenye asilimia 30 ya kura aweza kulizuia peke yake.

2. Je, uko tayari kuona kampuni ikiuzwa? Kama nia yako ni kuwaachia watoto, mwambie mapema.

3. Je, waweza kupata fedha hizo kwa njia nyingine?

KWA AKINA MAMA

Akina mama wengi hawana hati ya shamba kwa jina lao, na benki hutaka dhamana. Ndiyo sababu fedha zisizotaka hati huvutia. Lakini fahamu kwamba hata Marekani, mwaka 2022 kampuni zilizoanzishwa na wanawake peke yao zilipata karibu dola 2 tu katika kila dola 100 za mtaji wa ubia. Usiache kazi ukazunguka mwaka mzima ukiomba. Angalia kwanza chama chenu, Sacco, na Mfuko wa serikali wa kukopesha wanawake ulioanzishwa mwaka 2007. Na mkiwa wengi, ushirika ni njia nzuri, kwa kuwa kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache.

Ukiona mtaji wa ubia wakufaa, mpe wakili wako mkataba ausome, si wakili wa mwenye fedha. Kumbuka: deni hulipwa likaisha. Hisa ulizouza hazirudi, ila uzinunue tena kwa bei ya siku hiyo, mwenyewe akikubali kuuza.