Somo: Kuchagua Programu ya Kuendeshea Zahanati Inayokua

Zahanati yenye daktari mmoja huweza kujiendesha kwa daftari la mapokezi na kabati la mafaili. Inapofungua tawi la pili na la tatu, daftari hushindwa. Mgonjwa aliyeandikwa katika tawi la kwanza kuwa ana mzio wa penisilini huweza kuhudumiwa katika tawi la pili na tabibu asiyelijua jambo hilo. Hapo ndipo wamiliki huanza kutafuta programu ya kompyuta. Mmiliki anapoinunua, naye ni mlaji, na katika somo hili tunaeleza mambo ya kupima kabla ya kutia saini mkataba.

1. Anza na kazi yako
Fuata safari ya mgonjwa mmoja kutoka mapokezi hadi kwa tabibu, maabara, dirisha la dawa, malipo na madai ya bima. Andika kila mahali ambapo taarifa ileile huandikwa upya, kwa kuwa hapo ndipo makosa huzaliwa. Kisha mtake muuzaji akuonyeshe jinsi programu yake inavyoishughulikia safari hiyo, badala ya kutazama maonyesho aliyoyaandaa mwenyewe.

2. Piga hesabu ya kesho
Programu nyingi hutozwa kwa idadi ya watumiaji. Tuchukulie mfano wa ada ya shilingi 30,000 kwa mtumiaji kwa mwezi. Wafanyakazi 6 watagharimu shilingi 2,160,000 kwa mwaka. Matawi matatu yenye wafanyakazi 20 yatagharimu shilingi 7,200,000. Ongeza gharama za mafunzo, matengenezo, na kuhamisha kumbukumbu za zamani. Bei zote ziandikwe katika mkataba, pamoja na utaratibu wa kuzibadilisha.

3. Ijaribu katika hali halisi
Omba muda wa majaribio, na utumie majina ya kubuni, si ya wagonjwa wako. Zima intaneti uone kama mapokezi yataendelea kuandikisha wagonjwa. Uliza nakala rudufu huchukuliwa mara ngapi, kisha mtake muuzaji arejeshe nakala moja mbele yako. Wahusishe pia karani na muuguzi, kwa sababu wao ndio watakaoitumia kutwa.

4. Linda siri ya mgonjwa
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Zahanati ina wajibu wa kuzilinda, na haiondokewi na wajibu huo kwa sababu tu imezikabidhi kwa kampuni ya programu. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na aone yale tu yanayohusu kazi yake. Programu ihifadhi kumbukumbu ya nani alifungua jalada gani na lini. Uliza pia taarifa huhifadhiwa wapi, kwani kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake kisheria.

5. Uliza mlango wa kutokea
Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Siku utakapotaka kuhama, au kampuni itakapofunga biashara, majalada ya wagonjwa yatakuwa mikononi mwa nani? Mkataba utamke kwamba kampuni haina umiliki wa taarifa hizo, na kwamba utakabidhiwa zote katika muundo unaosomeka na programu nyingine, ndani ya muda uliotajwa na kwa gharama iliyotajwa. Utamke pia kwamba kampuni itafuta nakala zake baada ya makabidhiano. Muuzaji asiyekubali kuyaandika haya, tunakushauri usimpe fedha zako.

Maswali ya kujipima
(a) Gharama yako itakuwa kiasi gani ukiongeza tawi moja?
(b) Intaneti ikikatika asubuhi, kazi gani itasimama?
(c) Ni kifungu kipi cha mkataba kinachokurudishia majalada yako?

Ukikosa jibu la swali la tatu, usitie saini.